Moteli Chakavu Mbele ya Kamera, Gesti Kongwe Kando ya Lami

Kipindi cha ukarabati wa moteli ni tawi mojawapo la vipindi vya maisha halisi vya televisheni. Kamera huingia katika nyumba ya wageni iliyochakaa, humfuata mwenye nyumba na mafundi wake kwa siku, wiki au miezi, na huondoka nyumba inapofunguliwa upya. Hakuna waigizaji. Bati linalovuja linavuja kweli, deni la benki ni la kweli, na mwenye nyumba anayelia akionyeshwa godoro lenye madoa analilia mali yake. Kinachotungwa zaidi ni mpangilio: wahariri huzibana saa nyingi za picha zikawa kipindi cha nusu saa au saa moja kinachoanza na aibu na kuishia na furaha.

Uingereza ilitangulia. Mwaka 2005 kituo cha Channel 5 kilianza kurusha The Hotel Inspector, kipindi kilichoongozwa na Ruth Watson na, kuanzia mwaka 2008, Alex Polizzi, mwanamke wa ukoo wenye historia ndefu katika biashara ya hoteli. Mwaka 2012 Marekani ilipata vipindi viwili kwa mpigo: Hotel Impossible cha Anthony Melchiorri, na Hotel Hell cha mpishi Gordon Ramsay. Hivi vyote vina mtaalamu mkali anayefika kutoka mbali na kuikagua nyumba. Ramsay alizoea kuzima taa na kumulika mashuka kwa miale inayofichua madoa yasiyoonekana kwa jicho. Mtazamaji hucheka au huchefukwa, lakini hapohapo anajifunza kwamba mgeni huanza kuihukumu nyumba kabla hajasalimiwa.

Motel Makeover, kilichotoka Netflix Agosti 2021, kilishika njia nyingine. Wahusika wake, April Brown na Sarah Sklash, ni marafiki wawili wa Kanada walioacha kazi zao na kununua moteli kuukuu katika jimbo la Ontario. Ya kwanza waliikarabati wakaifungua mwaka 2017. Kipindi kinawafuata wakiigeuza ya pili, yenye vyumba 24, huko Sauble Beach kando ya Ziwa Huron. Hapa hakuna mtaalamu wa kufoka. Wenye nyumba ndio wanaohangaika. Janga la Uviko-19 linawakuta katikati ya kazi, vifaa vinachelewa, mafundi wanapungua, fedha zinapita makadirio, na wageni wameshaweka nafasi za majira ya joto. Pamoja na rangi ya waridi na michoro ya maua inayopendwa na kamera, kipindi hicho kinaonyesha waziwazi jambo ambalo vingine hulipitia haraka: nyumba ya zamani ina siri zake ndani ya kuta, na kila siri ina bei.

Ili kuelewa kwa nini moteli huchakaa kwa namna yake, inafaa kurudi barabarani. Nyumba ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilifunguliwa Desemba 1925 huko San Luis Obispo, California, mji ulio kati ya Los Angeles na San Francisco, safari ambayo kwa magari ya wakati ule haikumalizika kwa siku moja. Msanifu Arthur Heineman aliona kwamba dereva aliyechoka hahitaji ukumbi wa marumaru wala wapagazi. Anahitaji kuegesha gari mbele ya mlango wa chumba, kuoga na kulala. Katika miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na moteli zipatazo 60,000. Kisha zilizopewa uhai na barabara zikauawa na barabara. Sheria ya mwaka 1956 ilileta barabara kuu mpya zilizopita nje ya miji midogo, magari yakawa ya kasi, na msafiri aliyekuwa akilala mara mbili njiani akalala mara moja au asilale kabisa. Maelfu ya moteli zilibaki kando ya barabara ambazo hakuna tena anayezipita. Hizo ndizo zinazookolewa leo mbele ya kamera.

Kisa kama hicho kinaendelea sasa nchini Tanzania, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Moteli ya miji ya Kasulu na Kibondo ni gesti: jengo refu la matofali ya kuchoma, korido katikati na vyumba pande mbili, au vyumba vilivyozunguka ua kwa umbo la kiatu cha farasi. Karibu na geti kuna dirisha la mapokezi lenye nondo, na mbele yake kitabu cha wageni chenye safu za jina, kazi, utokako, uendako na sahihi. Chumbani mna kitanda, chandarua, ndala, ndoo na kipande cha sabuni. Choo na bafu viko nyuma, isipokuwa kwa vyumba vya selfu, yaani vyenye choo na bafu ndani. Asubuhi mhudumu hupita na ndoo za maji ya moto, kwa sababu Kasulu iko yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na Kibondo iko juu zaidi, na mwezi wa Juni mtu wa pwani anayeoga maji ya bomba huko atalikumbuka bafu hilo maisha yake yote.

Nyingi ya nyumba hizi zilijengwa kwa haraka, na haraka hiyo ina historia. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kibondo ikawa na Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mkugwa na Karago. Kasulu ikawa pia na Mtabila na Muyovosi. Nyuma ya wakimbizi walifuata watoa misaada: Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, Mpango wa Chakula Duniani, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine mengi, pamoja na madereva, wahasibu, wauguzi, wakandarasi na wageni wa wiki moja waliokuja kukagua. Miji hiyo miwili haikuwa na vitanda vya kuwatosha. Mwenye kiwanja alichoma matofali, mwenye duka alichukua mkopo, na gesti zikaota kando ya kila barabara iliyotoka stendi.

Barabara nayo ilichangia kwa njia yake. Kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu ni karibu kilomita 90, na kutoka hapo hadi Kibondo na Nyakanazi ni safari ndefu zaidi katika nchi ya milima na udongo mwekundu. Masika ilipokolea, mabasi yalikwama kwenye tope. Palikuwa na miaka ya ujambazi ambapo magari yalisafiri kwa msafara na kusindikizwa na askari wenye silaha. Abiria aliyefika Kibondo jua likizama hakuwa na la kuchagua ila kulala. Gesti iliyokuwa wazi na yenye kufuli ilijaa, hata kama godoro lilikuwa limebonyea katikati, na mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kununua jingine.

Kisha mashirika yaliyopanga humo yakaanza kuondoka. Warundi walirejeshwa kwao baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000, kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, na Mtabila ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa ya Burundi yalileta wimbi jipya: Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa tena Oktoba mwaka huo, Mtendeli Januari 2016, na gesti zikapata uhai wa pili. Mtendeli ilifungwa tena mwishoni mwa mwaka 2021. Kila wimbi lilipopita, nyumba zilibaki na vyumba vingi kuliko wageni. Mwenye gesti aliyekuwa amezoea kukodisha jengo zima kwa shirika moja kwa mwaka alijikuta na jengo lililotumika kama ofisi, kuta zimetobolewa kwa ajili ya nyaya, ua umegeuzwa maegesho, na akiba ya matengenezo hakuna, kwa kuwa fedha za kodi zilikwenda kusomesha watoto. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Kusomesha watoto kulikuwa uamuzi mzuri kuliko kubadilisha bati.

Sasa mambo matatu yamebadilika karibu kwa wakati mmoja, na ndiyo yanayofanya ukarabati uwe suala la leo. La kwanza ni lami. Mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa kilomita 260 hivi na unaogharamiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipitishwa na benki hiyo mwaka 2018. Umepita katika wilaya za Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe hadi mpaka wa Burundi, ukiungana na vipande vya Kidahwe hadi Kasulu na Nyakanazi hadi Kabingo vilivyoshughulikiwa kwa miradi mingine. La pili ni umeme. Kasulu na Kibondo zilikuwa zikitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, na Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kuunganishwa kwa mkoa huo na gridi ya taifa kupitia kituo cha Nyakanazi. La tatu ni maji, ambayo bado ni kazi inayoendelea: Kasulu ni mmoja wa miji 28 iliyoingizwa katika mradi mkubwa wa maji unaojengwa kwa mkopo wa India, na kwa mji ambao maji ya bomba hubadilika rangi mvua zikinyesha, hilo si jambo dogo.

Lami inaleta wageni na papo hapo inawaondoa. Vumbi jekundu lililokuwa likipanda ukutani hadi usawa wa dirisha sasa limepungua, na ukuta mweupe unaweza kubaki mweupe. Mfanyabiashara wa maharage, mwenye lori la dagaa kutoka ziwani na mchuuzi wa mawese wanaweza kufanya safari nyingi zaidi. Lakini abiria wa Mwanza aliyelazimika kulala Kibondo sasa anapita Kibondo mchana akinunua ndizi dirishani. Yaliyozipata moteli za Marekani baada ya mwaka 1956 yanaweza kuzipata gesti za Kibondo, na yatazipata zile ambazo wenyewe watapaka rangi kwanza na kuuliza baadaye nani atalala humo. Swali la mteja hutangulia swali la rangi. Ni kosa la vipindi vya televisheni kulitanguliza la rangi, na ni kosa linaloeleweka, kwa sababu rangi huonekana.

Mteja wa leo wa Kasulu na Kibondo si msafiri aliyekwama. Ni mtumishi wa serikali aliyekuja semina ya siku tatu, msimamizi wa mitihani, fundi wa mkandarasi wa barabara au maji, mfanyakazi wa shirika la misaada ambalo bado lina kazi mkoani, ndugu waliokuja harusini, mgonjwa na anayemuuguza, na mfanyabiashara wa mpakani anayekwenda Manyovu au Mabamba. Huyu amechagua kulala. Anaweza kuchagua nyumba ya jirani, na akirudi mwezi ujao atakwenda kule alikolala vizuri. Wengi wa wafanyabiashara hao ni wanawake wanaosafiri peke yao wakiwa na fedha za mtaji, na kwao kitasa kinachofunga kwa ndani, taa ya koridoni isiyozimwa na bafu ambalo hawalazimiki kulifuata uani usiku wa manane ni sehemu ya usalama wao. Gesti ambayo haijawapa hayo haijaanza kukarabatiwa, hata ikiwa na vigae vinavyong'aa.

Ukarabati wenyewe una mpangilio wake, na fundi mzuri huuanza juu. Nyumba za miaka ya 1990 nyingi ziliezekwa kwa bati jembamba lililokula kutu kwenye misumari. Chini yake kuna kenchi za mbao laini ambazo hazikutiwa dawa, na mchwa wa nyanda hizi hawasamehe. Kukagua ni kupanda juu na bisibisi: inapozama kwenye mbao bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Kupaka rangi silingi bodi yenye madoa ya kahawia huku kenchi imeoza ni kutupa fedha, kwa kuwa doa hilo ni ujumbe kutoka juu na litarudi masika ijayo. Bati la geji 28 ni ghali kuliko la geji 30 au 32, lakini katika nchi ambayo mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, tofauti hiyo hulipwa mara moja na kusahaulika.

Kutoka kwenye paa kazi hushuka hadi kwenye msingi. Matofali ya kuchoma hunyonya maji, na nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni nzito kati ya msingi na ukuta. Unyevu hupanda, lipu hupasuka na kumenyeka usawa wa goti, na chumba kinapata ile harufu ambayo mgeni huisikia kabla hajawasha taa. Dawa ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani: gata kwenye paa, mfereji wa zege kuzunguka nyumba, na udongo uliorundikana ukutani kuchongwa ili maji yatiririke mbali. Ndipo lipu mbovu ibanduliwe hadi kwenye tofali, ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima ikiwezekana, na lipu mpya ipigwe. Televisheni haiwezi kusubiri ukuta ukauke. Mwenye gesti wa Kasulu anaweza, na huo ni utajiri alio nao yeye ambao Netflix haina.

Maji na choo ndiyo moyo wa kazi, na ndiko fedha nyingi huishia. Watu wengi huanza kwa kugeuza vyumba kuwa vya selfu, wakikata kipande cha chumba na kuweka bafu humo. Kinachosahaulika ni kwamba shimo la maji taka lililochimbwa kwa ajili ya vyoo viwili vya uani haliwezi kupokea vyoo kumi vya ndani. Chemba hufurika katika mwaka wa kwanza, na harufu hufuta kila kilichofanyika. Kwa hiyo shimo hukadiriwa na kuchimbwa kabla ya vigae kununuliwa, mbali na kisima chochote, na mahali ambapo gari la kunyonya litafika. Tangi la maji huinuliwa juu ya mnara ili maji yashuke kwa uzito wake hata umeme ukikatika. Paa jipya lenye gata linaweza kulijaza tangi jingine kwa miezi saba ya mvua, na maji hayo yakafua mashuka na kusafisha vyoo, yale ya bomba yakaachiwa kuoga.

Umeme wa gridi umeleta jambo jipya la kuangalia. Nyaya zilizowekwa wakati wa jenereta, zilizokusudiwa taa moja kwa kila chumba na kuchaji simu, sasa zinabebeshwa hita za maji, pasi, birika na televisheni. Nyaya hizo zikipata moto juu ya silingi, hakuna wa kuona. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, anapaswa kupima mzunguko mzima, kuweka waya wa ethi na kinga ya kukata umeme, kabla hita ya kwanza haijafungwa. Kwa nyumba za nyanda za baridi kama hizi, hita ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote. Kiyoyozi, ambacho baadhi ya wamiliki hukinunua kwa kuiga Dar es Salaam, hakina kazi kubwa Kibondo. Blanketi zito la pili lingemfaa mgeni kuliko mashine hiyo, na bei yake haifikii hata bei ya kuifunga.

Baada ya hayo yote ndipo hufika sehemu ambayo televisheni huitengea muda wake mwingi: rangi, vigae, mapazia, vitanda. Sehemu hii ina furaha yake na haifai kudharauliwa, maana mgeni huishi ndani ya yale anayoyaona. Nyanda za Kigoma zina mbao ngumu za miombo, na seremala wa Kasulu anaweza kutengeneza kitanda cha mninga kitakachozidi umri wa mwenye gesti, ilimradi mbao ziwe zimevunwa kwa kibali. Tofali jekundu la hapohapo, likichomwa vizuri na kuachwa wazi bila lipu kwenye ukuta wa mapokezi, ni zuri kuliko karatasi za ukutani zinazoagizwa kutoka nje. Godoro zito na mashuka meupe ya pamba yanayofuliwa kila mgeni anapoondoka ndiyo matumizi ya mwisho ambayo hayapaswi kupunguzwa.

Je, hesabu inalipa? Tuchukue mfano wa kubuni ili mantiki ionekane. Gesti ina vyumba 12 vya bafu la nje kwa shilingi 10,000 kila kimoja, na kwa wastani vyumba vinne hupata wageni kila usiku. Mapato ya siku 30 ni shilingi 1,200,000. Baada ya ukarabati vyumba vimekuwa vinane vya selfu kwa shilingi 25,000, na wastani umebaki vinne. Mapato yanafika 3,000,000, nyongeza ya 1,800,000. Kama kazi iligharimu milioni 36, nyongeza hiyo inairudisha kwa miezi 20, bila kuhesabu riba, umeme na mishahara. Lakini bei ikipanda wageni wanaweza kupungua. Wastani ukishuka hadi vyumba viwili, mapato ni 1,500,000, nyongeza ni 300,000, na milioni 36 zinahitaji miezi 120, yaani miaka kumi. Tofauti ya vyumba viwili kwa usiku ndiyo inayotenganisha nyumba iliyookoka na nyumba itakayouzwa na benki. Ndiyo maana wakarabati wenye busara huanza na vyumba vitatu au vinne, huviacha vifanye kazi msimu mzima, na kuendelea na vingine kwa fedha vilizoleta. Vipindi vya televisheni hupenda ufunguzi mmoja mkubwa, kwa sababu unapendeza kuliko funguzi nne ndogo.

Swali la nani analipa hufichwa zaidi na kamera. Katika baadhi ya vipindi vya Ulaya na Amerika sehemu ya vifaa hutolewa na kampuni zinazotaka kuonekana, utayarishaji hugharamia baadhi ya kazi, na mwenye nyumba hupata tangazo ambalo asingeweza kulinunua. Watazamaji huja kulala kwa sababu wameiona nyumba. Hata hivyo baadhi ya hoteli zilizokarabatiwa mbele ya Ramsay ziliuzwa au kufungwa baadaye, na kamera haifuti madeni yaliyokuwapo kabla yake. Mwenye gesti wa Kibondo hana msaada wala tangazo hilo. Ana leseni ya biashara ya halmashauri, ushuru wa nyumba za kulala wageni, kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na mashine yake ya risiti, ukaguzi wa afisa afya, na cheti cha Zimamoto. Mara nyingi ana pia ndugu, kwa sababu mwenye kujenga mwaka 1995 huenda amefariki na hati bado ina jina lake. Benki haikopeshi kwa hati ya marehemu. Katika nyumba kadha wa kadha ukarabati huanza mahakamani, kwenye shauri la mirathi, miezi mingi kabla ya fundi kupanda juu ya paa.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa vipindi vya kukarabati, ingawa kilichokarabatiwa kilikuwa shamba. Shamba Shape Up, kilichotayarishwa na kampuni ya Mediae ya Kenya, kilianza mwaka 2012 na kuoneshwa pia kwa Kiswahili kwa watazamaji wa Tanzania. Kila kipindi watangazaji na wataalamu humtembelea mkulima mmoja mdogo, hukaa naye, hutengeneza banda la ng'ombe au ghala la mahindi, hupima udongo, na humwelekeza mtazamaji namna ya kupata maelezo zaidi kwa simu. Tanzania nayo ilikuwa na Maisha Plus cha Masoud Kipanya, kilichowaweka vijana katika kijiji wajitegemee, na ambacho baadaye kilibeba shindano la Mama Shujaa wa Chakula la Oxfam kwa wanawake wakulima. Mafanikio ya Shamba Shape Up yalitokana na kumheshimu mtu anayetembelewa. Hakuna mkulima aliyefokewa. Tatizo lake lilichukuliwa kuwa la watu wengi, na dawa yake ilikuwa ya bei ambayo jirani yake aliyekuwa akitazama angeweza kuimudu.

Kipindi cha gesti kikitengenezwa kwa mtindo huo kingekuwa na mengi ya kuonyesha Kasulu na Kibondo: fundi akizamisha bisibisi kwenye kenchi, familia ikikubaliana juu ya mirathi, mhudumu akieleza ni chumba gani wageni hukikataa na kwa nini, mama wa maharage akisema anachohitaji ili alale bila hofu. Wahudumu hasa wanastahili kusikilizwa. Wao ndio wanaojua bomba linalovuja na kitanda kinacholia, na kwa kawaida ndio wa mwisho kuulizwa. Mafunzo yao ni sehemu ya ukarabati sawa na bati: namna ya kumpokea mgeni aliyechoka, kutunza siri ya aliyelala, kufua, kuhesabu mashuka, kuandika kitabu na kutoa risiti.

Vipindi vingi hurudi baada ya miezi michache kuangalia kama nyumba imesimama. Kwa nyanda za juu za Kigoma ukaguzi wa kweli ni masika ya kwanza. Mwisho wa Machi paa limepigwa na mvua ya miezi mingi, shimo limepokea maji ya sehemu kubwa ya msimu, na ukuta umeonyesha kama unyevu umezuiwa. Kuanzia hapo kazi huwa ya kila mwaka: gata na mifereji kusafishwa Septemba kabla ya mvua, tangi kuoshwa, shimo kunyonywa kabla halijajaa, kenchi kupigwa dawa ya mchwa, kuta za nje kupakwa rangi kiangazi, na fungu la mapato ya kila mwezi kuwekwa kando kwa ajili hiyo kabla ya matumizi mengine yoyote.